Programu huria ina mwenyewe: hati, ruhusa na shamba la babu

Jumamosi moja chama cha wenye bodaboda hapa Kisumu kiliniita kikaoni, ghorofani juu ya duka la dawa karibu na soko la Kibuye. Nilidhani kompyuta imekwama. Kumbe nimeitiwa ugomvi. Mezani palikuwa na chupa ya chai, sahani ya mandazi, daftari la jalada gumu la mweka hazina, na flashi nyekundu iliyofungwa kamba ya kiatu. Kila aliyeingia aliitupia jicho ile flashi kabla ya kusalimia.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliotangulia chama kiliwalipa vijana wawili shilingi 60,000 wakitengenezee programu ya hesabu za michango na mikopo. Vijana hawakuanzia patupu. Walipakua mtandaoni programu huria ya uhasibu, wakaitafsiri kwa Kiswahili, wakaongeza sehemu ya mikopo, wakabandika na kipande kinachosoma jumbe za M-Pesa na kuziingiza zenyewe kwenye hesabu. Kazi ikatoka safi. Safi hata chama kingine cha Ahero kikaja kuulizia bei. Pesa ilipotajwa, undugu ukaingia doa.

"Sisi ndio tuliolipa," mwenyekiti akasema. "Programu ni ya chama, basi."

"Mzee, kwa heshima yako, aliyekesha akiandika ni mimi," kijana wa kwanza akajibu. "Ni yangu."

Mwenzake siku hizi ameajiriwa Nakuru, naye alikuwa kwenye simu iliyowekwa spika. "Mnagombania nini? Hiyo ni programu huria. Haina mwenyewe."

Mama mweka hazina akapandisha miwani. "Kama haina mwenyewe, huyu Mjerumani hapa juu ni nani?"

Alikuwa amefungua faili la kwanza la programu. Kwenye mstari wa juu kabisa palikuwa na herufi C ndani ya duara, mwaka, na jina la mtu asiyejulikana na yeyote mle chumbani. Wote wanne walikuwa wameushika ukweli kwa mkia, ila mama ndiye aliyeukaribia kichwa. Ugomvi wa namna hii nausikia sana siku hizi, kwa sababu programu zinazoandikwa mjini humu zimejengwa, karibu zote, juu ya kazi ambayo watu wengine waliiachia huria.

Kwanza maneno yenyewe

Msimbo ni maandishi ambayo mtu huyaandika ili kompyuta iyafuate. Vijana huuita kodi, na ndiyo maana mwenye nyumba hufurahi bure akisikia mpangaji wake akijisifu kuwa amekesha akishughulikia kodi.

Hakimiliki ni haki ya aliyeunda kazi kuamua nani ainakili, nani aibadilishe, nani aisambaze. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaiweka programu ya kompyuta katika kundi moja na vitabu: kazi za maandishi. Haki hiyo haisubiri mhuri wa ofisi. Inaanza pale msimbo unapohifadhiwa, na inadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Cheti cha KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, ni ushahidi mzuri mkifikishana mahakamani, lakini si hicho kinachoizaa haki. Na kwa kuwa Kenya imo katika Mkataba wa Berne tangu 1993, yule Mjerumani analindwa Kibuye kama anavyolindwa kwao.

Leseni ni ruhusa. Mwenye haki anasema: fanya hili na lile, kwa masharti haya. Hati inabaki mkononi mwake.

Programu huria, basi, ni ile ambayo mwenye haki ametoa leseni inayompa kila mtu uhuru wa kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kuusambaza ulivyo au ulivyobadilishwa. Mwenyewe yupo. Asingekuwepo, ruhusa ingetolewa na nani?

Pale kikaoni nilitumia mfano wa shamba, maana huku kwetu hakuna asiyekulia kwenye hadithi ya mpaka. Mzee ana hati ya ekari tatu, na ndani ya shamba pana chemchemi. Anawaambia wanakijiji: piteni, choteni maji, lakini msizibe njia. Wanapita, wanachota, wanamsifu. Shamba bado ni la mzee. Hati ni hakimiliki, kupita ni leseni, na kutoziba njia ni sharti. Mfano huu unakatika mahali pamoja: maji yakichotwa sana hupungua, msimbo ukinakiliwa mara milioni moja uko vile vile. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mkarimu wa msimbo kuliko wa ardhi.

Bure si huru

Kiingereza kina neno moja, free, kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza GNU, mradi wa kuandika programu huria, mwaka 1983 na kulianzisha vuguvugu hili, ametumia miaka mingi akieleza kwamba anazungumzia uhuru, si bei. Kiswahili kingemwokolea mate. Sisi tuna bure na tuna huru, na hakuna anayezichanganya, mpaka zifike kwenye kompyuta.

Programu huria inaweza kuuzwa. Hakuna kifungu katika leseni yoyote kubwa ya programu huria kinachokataza kutoza pesa. Chama cha Kisumu kinaweza kukitoza chama cha Ahero shilingi 5,000 au 50,000. Swali ni nini kinaambatana na mauzo hayo, na hapo ndipo leseni zinapoachana njia.

Chukua mbegu za mahindi. Mtu anakupa debe anakwambia: panda, uza, saga, changanya na zako, ila usilifute jina langu kwenye gunia. Hizo ndizo leseni za MIT, BSD na Apache. Ukitaka kuchukua kazi hiyo, kuitia ndani ya programu yako na kuifungia msimbo, ruhusa unayo, mradi tangazo la hakimiliki na la leseni libaki.

Mwingine anakupa debe lile lile, lakini anaongeza neno: yeyote utakayempa mahindi yatokanayo na mbegu hizi, umpe yanayoota, naye umwache apande na kugawa kama nilivyokuacha wewe. Hiyo ndiyo GPL, iliyoandikwa mara ya kwanza mwaka 1989, ikafuatiwa na toleo la pili 1991 na la tatu 2007. Mkulima wa Kitale aliyezoea haibridi ya kurudi dukani kila msimu ataielewa haraka: sharti la GPL ni kwamba mbegu hii isigeuzwe haibridi njiani.

Programu ya yule Mjerumani ilikuwa chini ya GPL. Kwa hiyo nikamwambia mwenyekiti: wauzieni watu wa Ahero mkitaka, lakini mkiwapa programu wapeni na msimbo wake, na nyongeza zenu humo ndani zitoke kwa masharti yale yale. Kesho yake wakiamua kuwapa jirani zao wa Awasi bila senti, hamna la kuwafanya. Mwenyekiti alilirudisha andazi kwenye sahani.

Hapa kuna hofu moja ya kuondoa. Wengi hudhani kuwa ukigusa tu programu ya GPL unalazimika kuanika kila kitu chako hadharani. Sharti la GPL linaamka pale unapompa mtu mwingine programu. Chama kikiitumia ofisini kwake miaka kumi, hakuna awezaye kubisha hodi kudai msimbo. Ipo leseni ndugu yake, AGPL ya mwaka 2007, inayokaza kidogo: ukiibadilisha programu na kuwaruhusu watu waitumie kupitia mtandao, nao wana haki ya kuupata msimbo, hata kama programu yenyewe haijatoka kwenye seva yako, ile kompyuta inayowahudumia. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, linatumia leseni hiyo. Wala taarifa ulizoandika ndani ya programu hazihusiki. Barua uliyoiandika kwa LibreOffice, programu huria ya kuandikia, ni yako kama ile uliyoiandika kwa kalamu ya Bic.

Na haya si maneno ya kutishana tu. Mwaka 2003 waligunduliwa watengenezaji wa ruta (vifaa vya kugawa mtandao) za Linksys, kampuni iliyokuwa imenunuliwa na Cisco, kuwa wameweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulio chini ya GPL, ndani ya ruta zao bila kutoa msimbo. Baada ya kelele msimbo ukatolewa, na kutoka humo ukachipuka mradi wa OpenWrt ambao hadi leo watu huutumia kufufua ruta kuukuu. Mwaka 2008 mahakama moja ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya profesa wa fizikia aliyeandika programu ya kuendeshea magari ya moshi ya kuchezea, ikaamua kwamba masharti ya leseni huria ni masharti ya kweli: ukiyapuuza unaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Kesi kubwa imetokana na treni za mezani.

Kimya si ruhusa

Nikaomba kuona kile kipande cha M-Pesa. Kijana akanyamaza kidogo kabla ya kusema amekitoa wapi. Alikikuta GitHub, tovuti ambako watu huweka misimbo yao, kwa mtu fulani, kikafanya kazi, akakichukua. Tukafungua ukurasa ule. Msimbo ulikuwepo, maelezo mafupi yalikuwepo, leseni haikuwepo.

"Lakini ameuweka hadharani," kijana akasema.

Nilimhurumia kwa sababu nimepita hapo. Katika kazi yangu ya kwanza nilinakili kipande cha kuchora ramani kutoka ukurasa usio na leseni. Mradi ulipokaribia kukabidhiwa, mteja akauliza karatasi za kila kipande, nami sikuwa nazo. Nilikifuta na kukiandika upya kwa wiki mbili, usiku, bila malipo.

Kosa ni kudhani kuwa kuonekana ni kuruhusiwa. Mama akianika nguo mbele ya nyumba, kila mpita njia anaziona. Hakuna anayeamini amealikwa kuzivaa. Sheria inaanza na haki zote zikiwa kwa mwandishi. Asiposema kitu, hajatoa kitu, zaidi ya kile masharti ya tovuti yenyewe yanachoruhusu, yaani kuutazama msimbo pale na kuunakili ndani ya tovuti ile ile. Msimbo usio na leseni si huria hata kidogo. Kwa kweli umefungwa kuliko ule wa GPL ambao watu huuogopa.

Kwa hiyo flashi ile nyekundu, ambayo kila mtu alidhani ina mali ya mtu mmoja, ilikuwa na tabaka tatu. Chini kabisa kazi ya Mjerumani, hati yake, ruhusa ya GPL. Katikati nyongeza za vijana. Pembeni kipande cha mtu asiyejulikana, hati yake, ruhusa hakuna.

Hilo tabaka la katikati lina jambo ambalo vijana wengi wanaochukua vibarua hawalijui, na linauma. Sheria ya Kenya inasema kazi iliyoagizwa na mtu, au iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, hakimiliki yake inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Vijana hawakukubaliana vingine. Walikubaliana bei, siku, na kwamba wataletewa chakula cha mchana. Mwenyekiti alikuwa sahihi, basi, kwa zile nyongeza. Kijana wa Kisumu angeandika sentensi moja tu kwenye makubaliano, tungekuwa tunazungumza mengine. Yule wa Nakuru naye, aliyetaka kuimwaga kazi nzima mtandaoni kwa kuwa ni huria, ilibidi aambiwe kwamba nyongeza si zake kuzimwaga.

Hati ya marehemu babu

Mpaka hapa kila tabaka lina mwenyewe mmoja. Miradi mikubwa haiko hivyo, na hapo ndipo kichwa huanza kuuma kweli.

Mnajua lile shamba la babu. Babu alifariki 1987, hati bado ina jina lake. Wanawe sita wamejenga, wajukuu wamegawana kwa macho, mmoja yuko Mombasa, mmoja hajulikani aliko. Wanalima na wanavuna, maisha yanaendelea. Siku mnunuzi akija, au barabara ikipita na fidia itolewe, ndipo inagundulika kuwa hakuna wa kutia saini peke yake.

Linux ni shamba la namna hiyo, na limeachwa hivyo kwa makusudi. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, mwaka uliofuata akaiweka chini ya GPL. Maelfu ya watu wamechangia tangu hapo, na kila mmoja, au mwajiri wake, amebaki na hakimiliki ya kipande chake. Torvalds mwenyewe hawezi kuuza hati yake nzima wala kuibadilishia leseni. Hata kuhamia toleo la tatu la GPL kungehitaji idhini ya umati ambao wengine wao wameshatangulia mbele ya haki. Watu huliona hilo kama udhaifu. Mimi naliona kama kufuli: hakuna tajiri awezaye kuinunua Linux, kwa sababu hakuna wa kumuuzia.

Ukitaka kujua kuna kazi gani kuwatafuta warithi, waulize watu wa VLC, ile programu yenye koni ya machungwa ambayo kila duka la kurekodi sinema kuanzia Kondele hadi Bungoma inayo. Walipotaka kuhamisha sehemu kubwa ya msimbo kutoka GPL kwenda leseni legevu kidogo, kati ya 2011 na 2012, kiongozi wao Jean-Baptiste Kempf ilimbidi awasake wachangiaji zaidi ya 200 mmoja mmoja awaombe idhini. Wengine walikuwa wameacha kompyuta zamani, wana kazi nyingine na anwani nyingine. Alifanikiwa, lakini si kazi ya kumtakia rafiki.

Miradi mingine haitaki kufika huko, ikachukua njia tofauti. Shirika la Free Software Foundation, lililoanzishwa 1985, kwa miaka mingi liliwaomba wachangiaji wa programu zake muhimu walihamishie hakimiliki yenyewe, kwa karatasi iliyotiwa saini, ili akitokea mvunja sheria awepo mlalamikaji mmoja. Wengine, kama shirika la Apache, hawachukui hati. Wanakusainisha makubaliano kwamba unawapa ruhusa pana ya kuitumia kazi yako, nawe unabaki mwenyewe. Linux ilichagua jambo jepesi zaidi. Kampuni ya SCO ilipoishtaki IBM mwaka 2003 ikidai kuna msimbo wake ndani ya Linux, ilionekana wazi kwamba hakuna daftari la nani alileta nini. Mwaka uliofuata ukaanzishwa utaratibu wa kila mchangiaji kuongeza mstari mmoja chini ya kazi yake, wenye jina na barua pepe, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ilikaribia kupotea ikiwa na habari nyingi mno.

Kipi bora? Mradi mdogo wa vijana watano usikimbilie makaratasi ya kuhamishiana hakimiliki. Mstari wa jina unatosha. Ninapoona kampuni inamtaka mchangiaji wa kujitolea aipe ruhusa ya kubadilisha leseni itakavyo, mimi huuliza mara mbili. Si kwamba ni wezi. Ni kwamba mwenye ruhusa zote anaweza kuamka siku moja na wazo jipya. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliihamisha Terraform, chombo ambacho wahandisi wa seva hukitumia kila siku, kutoka leseni huria hadi leseni inayowabana washindani wake wa kibiashara. Iliweza kwa sababu wachangiaji walikuwa wamesaini. Lakini haikuweza kuyarudisha matoleo yaliyokwisha kutoka. Ruhusa iliyotolewa kwa matoleo yale ilibaki kama ilivyoandikwa, watu wakayachukua, na kabla mwezi uliofuata haujaisha mradi mbadala wa OpenTofu ulikuwa umepata makao. Mzee anaweza kufunga chemchemi mpya. Maji mliyokwisha kuchota ni yenu.

Eldoret na jina lisilogawiwa

Hatuhitaji kwenda Helsinki kupata mfano. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, nje kidogo ya Eldoret, kiliwekewa mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, uliokuja kujulikana kama AMPATH. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, mfumo ule ukaelemewa. Mwaka 2004 watu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana wakaungana na wenzao wa shirika la afya la Partners In Health kubuni mpya, OpenMRS, na 2006 ukaanza kazi Eldoret. Leo unatumika nchi nyingi, na KenyaEMR inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini imejengwa juu yake.

Fungua faili la msimbo wa OpenMRS utakuta mambo matatu yamesimama kando kando. Hakimiliki inatajwa kuwa ya OpenMRS Inc. Leseni ni ya Mozilla, toleo la pili. Na kuna sentensi inayosema kwamba jina la OpenMRS ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Hati, ruhusa, jina. Watu huzichanganya tatu hizi daima.

Leseni ya Mozilla ni ya katikati. Chukua daftari ulilopewa: ukisahihisha ukurasa uliokuwemo, ukurasa ule ukiugawa uwe wazi kwa wote. Ukishona kurasa zako mpya nyuma, hizo ni zako kuziamulia. Wizara au kampuni inaweza kuongeza sehemu yake bila kuifungua, lakini marekebisho ya kiini yanarudi kwa jamii kila yanaposambazwa.

Jina ni habari nyingine kabisa. Leseni huria hukupa msimbo, haikupi jina. Unaweza kuichukua OpenMRS nzima, kuibadilisha na kuigawa, lakini huwezi kuiita OpenMRS yako kana kwamba wao ndio wameitengeneza. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliponunua kampuni ya Sun na pamoja nayo OpenOffice, programu huria ya kuandikia, wachangiaji wengi waliondoka na msimbo wote, halali kabisa, kwa sababu leseni iliwaruhusu. Jina wakaliacha. Ndiyo sababu unaandika barua zako kwa LibreOffice.

Nilipowahi kusimulia haya Eldoret, mama mmoja aliniuliza swali lililokuwa likimnyima usingizi: kama mfumo wa hospitali ni huria, je, kadi yake ya kliniki iko wazi kwa kila mtu? Hapana, mama. Kilicho wazi ni namna kabati lilivyoundwa, vipimo vya mbao na misumari. Yaliyofungiwa kabatini yanalindwa na sheria nyingine, ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na funguo ni za kituo.

Tukirudi Kibuye

Kikao kiliisha saa kumi na moja jioni. Mama mweka hazina aliyaandika yote kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo alisema hulifanya kwa madeni tu. Nyongeza ni za chama, na vijana watajwe majina kwenye programu. Ahero wapewe msimbo pamoja na programu, na faili la GPL lisifutwe. Kijana wa Kisumu alipwe kwa kila usakinishaji, maana kuuza utaalamu hakuna leseni inayokugusa. Na kipande cha M-Pesa kisitoke nje ya ofisi mpaka mwenyewe apatikane.

Kijana alimwandikia pale pale kwa simu, Kiingereza cha adabu, akamweleza wao ni nani na wanataka nini. Akahakikisha ameeleza pia kwamba wamekuwa wakikitumia bila kuomba.

Jibu lilikuja Jumatano, kwa Kiswahili. Mtu mwenyewe yuko Kakamega. Alikiandika kile kipande kwa ajili ya duka la mjomba wake, akakisahau. Hakujua kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kumefunga mlango, na siku hiyo hiyo aliweka faili la leseni ya MIT, ambayo inaingia ndani ya kazi ya GPL bila mgongano. Chini aliongeza swali: hivyo chama chenu kina nafasi ya mtu wa kutengeneza programu?

Mwenyekiti aliupokea ujumbe huo kwa furaha. Kisha akanipigia simu. "Mwalimu, sasa hawa wa Ahero, tukiwatoza elfu kumi ni nyingi?"